Mstari wa Kwanza ni wa Mama

Jumatano, 6 Novemba 2024

Tumechapwa. Si kushindwa — kuchapwa! Asubuhi nimewasha televisheni, nikazima. Nikawasha tena, labda wamekosea hesabu. Nikazima. Pennsylvania imekwenda kwao, na kaunti yetu ndiyo usiseme. Wakati naolewa, hapa Mrepublikani alikuwa mtu wa kuonyeshwa kidole: yule pale, mwenye duka la majeneza, na shemeji yake. Sasa tunaoonyeshwa kidole ni sisi.

Nimetoka kung'oa mabango ya kampeni uani kwangu. Karatasi nimetupa, vile vyuma vyake nimevichomeka bustanini tayari kwa nyanya za mwakani. Nyanya zangu miaka yote zinaegemea wagombea walioshindwa, na zinazaa kuliko za mtu yeyote mtaa huu. Waulize.

Bernadine jirani akasimama upande wake wa uzio. "Pole, shoga," ananiambia. Nikamjibu, "Pole yetu sote, mwenzangu." Akatazama viatu vyake. Hata yeye imemwuma, maskini.

Lakini Denise wangu yupo! Katika jumba lote la kaunti, ghorofa zote, Mdemokrati aliyebaki ni mmoja tu, naye nimemzaa mimi. Mkuu wa ofisi ya hati na wosia. Ukioa unapita kwa mwanangu. Ukinunua shamba unapita kwa mwanangu. Ukifa, ndugu zako wanapita kwa mwanangu, na wanatoka wamefutwa machozi. Wanampigia kura hata wasiotupenda. Kiti chake kinapigiwa kura mwakani, kwa hiyo aliyechapwa jana si yeye. Si yeye!

Naandika utabiri wangu hapa, nisije nikaambiwa nimeutunga baadaye. Miaka miwili, hawa washindi watakuwa wanang'atana wenyewe kwa wenyewe. Miaka minne, tunarudi. Na mbele kabisa kwenye picha, Denise Hudak Pritts, seneta wa jimbo. Gauni la bluu. Nitamshonea mwenyewe.

Kahawa haipiti lakini.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa, kikao ofisi ya chama. Tumekuja wachache mno, hata viti vya kukunja hatukuvikunjua vyote. Lou Fabrizi, mwenyekiti wetu. Mimi, mjumbe wa kata. Wajumbe wengine wawili watatu wenye fimbo za kutembelea. Na bwana mmoja ambaye nadhani alifuata kahawa.

Kila mtu daktari! Mmoja anasema tumekufa kwa bei ya mayai. Mwingine, tumewasahau wachimba makaa. Wachimba makaa wapi — mgodi umefungwa tangu Denise yuko shule ya msingi! Mwingine eti vijana wa Pittsburgh watakuja kutuokoa. Nikamwambia vijana wa Pittsburgh wakija huku wanapotea pale pale kwenye kona ya kituo cha mafuta, halafu wanarudi kwao wanasema wametembelea vijijini. Wakacheka. Ndicho kicheko pekee cha siku.

Nikasema tumeacha kubisha hodi, ndiyo maana. Marehemu mume wangu Andy alikuwa anabisha hodi hata kwa watu aliogombana nao. "Piga kura kwanza," anawaambia, "ugomvi wetu tutaurudia Jumatano." Siku hizi chama kinabisha hodi kwenye simu. Nani anafungulia simu mlango?

Mwisho Lou akasema anaachia uenyekiti. Moyo wake una mashine ndani, daktari kamkataza hasira. "Nani atashika?" Wote wakaanza kutafuta kitu kwenye mifuko yao.

Mimi nikapata wazo. Nimerudi nyumbani naimba.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku ya pirogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha tunavyouzia kanisa sisi wanawake. Ukumbi wa chini ya kanisa, meza ndefu, unga hadi kwenye nyusi. Bernadine anajaza viazi na jibini, mimi nafinya kingo. Hakuna anayefinya kama mimi. Zangu hazipasuki kwenye maji, hata moja.

Sikuweza kujizuia. "Mwenyekiti mpya wa chama amepatikana," nikasema. "Denise!"

Nikadhani hawajasikia, ile mashine ya kuponda viazi ina kelele. Nikarudia kwa sauti ya kanisani. Bernadine akauliza, taratibu, "Denise mwenyewe anajua?"

"Atajua. Mtu anaulizwa kama anataka kuheshimiwa?"

"Anaulizwa, Verna," akasema. "Tena mapema."

Wivu tu. Binti yake anauza magodoro. Sisemi kitu kuhusu magodoro, mtu lazima alale. Lakini si sawa na hati za kaunti nzima.

Nimempigia Lou. Akalia kwenye simu, mtu mzima yule. "Amekubali?" ananiuliza. Nikamwambia, "Lou, mwanangu namjua." Huo si uongo.

Alhamisi, 28 Novemba, Sikukuu ya Shukrani

Denise na mumewe Gary wamekuja kula. Gary ni Mrepublikani wa kuzaliwa, lakini anaosha vyombo, nilishamsamehe. Keshokutwa anaingia porini kuwinda kulungu, akili yake yote iko huko. Akamtazama bata mzinga wangu: "Mama, huyu ni wa chama gani? Maana kaungua kulia na kushoto." Kaungua wapi! Rangi ile ndiyo yenyewe.

Denise hakucheka. Amekula kama mtu anayeonja chumvi. Mara mbili alianza, "Mama, kuna jambo—" na mara zote mbili nikamzibia na kabichi ya kujazwa nyama. Nilijua anataka kuniuliza habari za chama, lazima amesikia fununu. Nilitaka aambiwe na Lou, mbele za watu, apigiwe makofi. Nilishapanga hata nitakapokaa.

Nilipowasindikiza nikaona nyuma ya gari lake. Ile stika ya chama, ya tangu kampeni yake ya kwanza, haipo. Pamebaki alama ya gundi. "Imetoka pale kwenye mashine ya kuoshea magari," akasema. Gary akatazama juu, utadhani kulungu wanapita angani.

Mashine siku hizi kali sana.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika na koti mwilini. Uso bado wa moto.

Chakula cha mchana cha Krismasi cha chama, ukumbi wa zimamoto. Kuku wa kuoka, makaroni, meza ya biskuti — zangu za kokwa za jozi ziliisha kwanza, kama kawaida. Watu wachache. Meza tulizisogeza karibu karibu ili upungufu usionekane. Denise alikuja kwa sababu nilimdanganya sina usafiri. Akakaa jirani na mlango.

Lou akasimama, akajishikiza kwenye kiti. Akasema chama chetu kiko mahututi, lakini leo damu mpya imepatikana. Akamtaja! Tukapiga makofi. Mimi nilisimama wima. Mzee mmoja akagonga meza kwa kijiko. Denise akainuka, rangi imemtoka, akasema, "Asanteni. Nawapenda nyote. Siwezi." Akatoka nje bila koti.

Nikamfuata kwenye maegesho. Theluji inaanguka.

"Umeniaibisha," nikamwambia.

"Mimi? Mama, uliniuliza?"

"Baba yako angekuwepo—"

"Baba hayupo. Sikiliza. Nimebadili chama. Nilijaza karatasi wiki iliyopita. Mwakani nagombea upande wao."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Sauti ile ile ya utotoni, alipokuja kuniambia kwamba bakuli la bibi yake limevunjika na aliyelivunja ni yeye, si paka.

"Gary kakulisha nini?"

"Gary mwenyewe kajua nilipomaliza. Mama, umeona matokeo. Mwakani watu wataangalia ile herufi ya chama kando ya jina. Jina lenyewe hawatalisoma."

"Watalisoma! Wanakupenda!"

"Wananipenda wakiwa na wosia mkononi. Kwenye chumba cha kura wananihesabu pamoja na wale wa Washington. Na nikitoka mimi anaingia Brent Lauffer, yule dalali wa nyumba. Ameshasema wasichana wangu wote pale ofisini anawafukuza siku ya kwanza. Ulitaka nifanyeje? Nife na chama?"

"Na sisi tuliobaki, Denise, sisi tunafanyaje?"

Akanifunga kifungo cha juu cha koti langu, na yeye mwenyewe anatetemeka kwa baridi.

Nikarudi ndani kuchukua sinia langu. Wote macho kwenye biskuti. Lou akaniambia, "Zilikuwa tamu, Verna."

Nimemtangaza mimi. Kwa mdomo wangu. Nimemwita mwanangu mbele za watu ili aje aseme hapana.

Jumapili, 8 Desemba

Sijaenda misa.

Jumanne, 24 Desemba

Nilisema mwaka huu sipiki mlo wa mkesha. Nimepika. Supu ya uyoga, samaki, njegere, pirogi. Sahani ya Andy mezani na kiti chake kitupu, kama kila mwaka. Wakaja. Na Denise hatujaongea la maana tangu siku ile ya zimamoto, ni simu za "theluji imefika wapi kwako" basi.

Kabla ya kula, mama anawachora watoto msalaba wa asali kwenye paji la uso, mwaka ukawe mtamu. Mama yangu alinichora mimi, mama yake alimchora yeye kabla hawajapanda meli kuja Amerika. Denise ana mvi sasa. Akainama mwenyewe bila kuitwa. Kidole changu kikagoma kidogo — nakiri. Kisha nikamchora, msalaba mkubwa, asali ikamteremka puani. Akacheka. Nikacheka. Gary akasema, "Na mimi je, Mama? Au asali nayo ni ya wanachama tu?" Nikampaka mpaka kwenye ndevu.

Kiti cha Andy sikukitazama. Amezikwa na pini ya chama cha wafanyakazi wa mgodi kwenye kola ya koti. Niliibandika mimi.

Narekebisha utabiri. Hatutarudi miaka minne. Labda nane. Sidhani kama nitakuwepo.

Jumatatu, 20 Januari 2025

Leo kule Washington ni kuapishwa. Nimefunga pazia, nimewasha oveni, nimeoka mikate mpaka jokofu linakataa kufunga. Mtaa mzima bendera zao. Hata nyumba ya yule aliyekuwa anabeba ngazi ya Andy wakati wa kubandika mabango yetu!

Lou amekuja. Ofisi ya chama imerudishwa kwa mwenye jengo. Ameniletea birika kubwa la kahawa la umeme, bendera, na maboksi ya mabango ambayo majina yake yamefifia. "Uniwekee tu, Verna." Jiko langu limekuwa makao makuu.

Kisha akavua kofia. "Chukua na uenyekiti."

Nilicheka hadi nikakohoa. Mimi! Mimi sikumaliza hata darasa la kumi, nilikwenda kiwanda cha mashati. Halafu maisha yangu yote nimewapikia watoto wa shule. Ukitaka makaroni ya watu mia tano, niite. Uenyekiti?

"Watu wakija kikaoni wanafuata nini?" akasema Lou. "Kahawa. Na birika liko kwako."

"Na mwanangu yuko upande wa pili."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Wakiona mama wa Denise amebaki, watajua kuna mtu amebaki."

Nikamwambia anipe muda. Akaacha ufunguo wa sanduku la posta la chama juu ya birika, akaondoka pole pole, anashika ukuta.

Naliandika hapa tu, pasipo na wa kunicheka: Mwenyekiti Verna Hudak. Si linasikika vizuri? Linasikika vizuri sana. Mwenyekiti wa nani, hapo ndipo pagumu.

Alhamisi, 13 Februari

Pirogi. Kwaresima inakaribia, oda zimejaa ukuta.

Wiki ijayo karatasi za saini zinaanza kuzunguka. Kila mgombea lazima asainiwe na watu wa chama chake ndipo jina liingie kwenye mchujo, na saini ya mtu wa chama kingine inafutwa. Miaka yote karatasi za Denise nazungusha mimi. Mstari wa kwanza wangu, wa pili wa Andy alipokuwa hai, halafu meza hii ya pirogi kuanzia mwanzo hadi mwisho, unga mikononi. Sijawahi kurudi na karatasi yenye nafasi!

Nikawaambia wanawake, mwaka huu sizungushi, wala sitawasumbua. Denise atatafuta watu wake huko huko aliko.

Bernadine akaweka kijiko chini. "Verna. Watu wake ndio sisi."

"Watu gani?"

"Mimi nilibadili zamani. Ile mara ya kwanza yule bwana aliyeapishwa juzi alipogombea, nilitaka kumpigia kura kwenye mchujo wao. Sikurudi tena. Irma naye. Philomena naye. Karibu meza nzima, shoga yangu."

Nikawatazama mmoja mmoja. Irma alikuwa anahesabu trei ambazo zilishahesabiwa.

"Lakini mara ya mwisho ulinisainia! Hapa hapa! Kwa kalamu yangu!"

"Nilisaini kukufurahisha. Ulikuja umechangamka, na kalamu yako na sketi yako mpya, ningekwambia nini? Haikuhesabika ile. Denise anajua. Alizifuta zetu mwenyewe, akaenda kutafuta nyingine kimya kimya, ili wewe usijue."

Pirogi ikapasuka mkononi mwangu. Viazi vikanichuruzika hadi kwenye saa.

Nimempigia simu. "Ni kweli uliwafuta kina Bernadine?" Akasema, "Mama, ulikuwa umefurahi sana siku ile."

Nimekaa tu. Miaka yote nikisema kaunti itarudi, watu niliokuwa nawaona kichwani ni hawa. Nyuso hizi hizi. Nilikuwa napanga ushindi na watu walioondoka zamani na kuniachia tu saini za adabu. Na mwanangu alikuwa anafagia nyuma yangu.

Jumanne, 18 Februari

Siku ya kwanza ya saini. Nimefua mapazia.

Jumapili, 2 Machi

Lou amepiga simu. Amezunguka kaunti nzima, hakupata hata mtu mmoja wa kugombea kwetu. Si kiti cha Denise, si kingine chochote kwenye jumba lile. Mwezi Novemba upande wetu wa karatasi ya kura utakuwa mweupe. "Mweupe, Verna. Kama theluji." Anataka jibu langu la uenyekiti Jumapili ijayo. Mimi nikikataa atafunga chama cha kaunti, maana barua ziende kwa nani.

Na upande wa pili wanauana wao kwa wao, hilo nililitabiri sawasawa! Brent Lauffer anatangaza kwa kinyozi kwamba Denise ni Mdemokrati aliyevaa koti la kuazima. Eti atakwenda mahakamani na karatasi zake za saini, mstari kwa mstari, na mstari wa kwanza atakaoutafuta ni wa mama yake.

Tutabiri nini tena? Vijana wanahama. Wazee tunakufa. Waliobaki katikati wanabadili. Bernadine ananiambia pengine baada ya miaka mingi mambo yatageuka, mambo huwa yanageuka. Nikamwambia yakigeuka yatukute wapi? Makaburini tuna wengi, huko ndiko tungeshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika haraka. Saa tisa imeshapita.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa. Foleni mpaka juu ya ngazi. Mimi dirishani nagawa pirogi na siagi na vitunguu. Mchana Denise akaingia na karatasi zake kwenye ubao wa kuandikia, akaanza meza ya kwanza.

Nilimtazama. Siwezi kuacha kumtazama, ni mwanangu. Anamshika kila mtu bega. Anakumbuka nani kafiwa, nani ana mpaka wa shamba unaogombaniwa, nani kapata mjukuu. Watu wanaweka samaki chini, wanapangusa mafuta vidoleni, wanasaini. Hakuna aliyemkatalia! Bwana mmoja mwenye kofia nyekundu ya kampeni yao alisimama kumpisha kiti. Ukumbi mzima unamtaka. Ndivyo nilivyoandika humu humu mwezi wa kumi na moja, kaunti nzima itamfuata Denise wangu. Nilikosea upande tu.

Bernadine akanigusa kwa kiwiko. "Baba yake mtupu yule."

Kweli. Anavyoinama kumsikiliza mtu — Andy kabisa.

Kisha akaja dirishani kwangu. Akaweka ubao katikati ya vitunguu. Karatasi imejaa saini hadi chini. Ya pili, Gary. Ya tatu, Bernadine. Mstari wa kwanza mtupu.

"Huo wako," akasema.

"Mimi siwezi na unajua. Lauffer ataufuta asubuhi na mapema."

"Najua."

"Basi nisaini hivi hivi, nikufurahishe. Kama Bernadine alivyonifanyia mimi."

Akatikisa kichwa. Macho yamejaa. "Hapana, Mama. Safari hii nataka inayohesabika. Jumanne nakabidhi karatasi. Ofisi ya uchaguzi leo inafungwa saa kumi na nusu. Fomu ya kubadili ni fupi, nitakupeleka mwenyewe."

"Na Lou je?"

"Lou ana nini?"

Hajui! Habari ya uenyekiti sijamwambia. Mimi, ambaye nikikaanga yai zuri mtaa mzima unajua. Hilo nililimeza, sijui kwa nini. Hata pale dirishani nikalimeza tena.

"Sikuombi uwapende," akasema. "Nakuomba tuwe kwenye karatasi moja. Tumekuwa kwenye karatasi moja siku zote."

Foleni imesimama. Mtu kutoka nyuma akapaza sauti, "Verna, tuna njaa huku! Saini au gawa!" Wakacheka wote. Nikavua aproni, nikampa Bernadine kijiko.

Kwenye gari mkono wake ukatoka kwenye usukani ukanishika goti, ukarudi. Tulipofika kona ya kwetu nikamwambia asimame, nimesahau miwani, nitajazaje fomu bila miwani. "Fanya haraka basi, Mama," akasema.

Nimekaa mezani jikoni. Birika la chama liko mbele yangu, ufunguo wa Lou juu ya kifuniko, pale pale alipouacha. Lou anapiga simu keshokutwa. Nje vyuma vya nyanya vimesimama kwenye theluji, havina cha kushikilia. Gari linanguruma. Utabiri sina, wa miaka minne wala wa saa moja hii.

Anapiga honi. Mara moja tu, kwa adabu. Ndivyo nilivyomlea.

Miwani ninayo usoni. Bila hiyo ningeandikaje haya?

Anapiga tena.